Wangapi Wanasogea?

Katika shule za msingi za Kenya, enzi ya mfumo wa 8-4-4, kipindi cha PE, yaani elimu ya viungo, kiliishi kwenye ratiba ya ukutani kuliko kilivyoishi uwanjani. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya kwanza 1985 na mara ya mwisho 2023, haukumpa mtoto alama hata moja kwa kuruka kamba. Basi kipindi cha kuruka kamba kikawa mali ya yeyote aliyechelewa na silabasi. "Madam, niachie hao wa Darasa la Saba nimalizie aljebra, nitakulipa kesho," mwenzangu angesema, chaki tayari mkononi. Madeni hayo niliyadai mpaka nikazoea kutolipwa.

Nilikuwa nikifundisha shule ya umma huko Rhonda, upande wa magharibi wa Nakuru, mji ambao Desemba 2021 ulipewa hadhi ya jiji huku vumbi lake likibaki lilelile. Ni vumbi la udongo wa volkano, jepesi, lisilohitaji upepo mkali ili liingie kwenye soksi, kwenye daftari na, siku hizi, kwenye matundu ya kuchajia simu. Watu wengi wa Rhonda huishi kwenye ploti: safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, bomba na choo mwishoni, kamba za nguo katikati. Mtoto akikimbia hapo ataangusha sufuria ya mtu. Kwa hiyo watoto huchezea barabarani, wakipisha bodaboda: bano, blada, kati, na brikicho giza likianza kuingia. Mpira wao ulikuwa wa karatasi za plastiki zilizofungwa kwa kamba ya katani, hadi tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza kutekelezwa. Wakahamia matambara na soksi kuukuu, na mchezo ukaendelea.

Nayaeleza haya ili mtu asidhani kwamba watoto wa Rhonda walihitaji kufundishwa kucheza. Walichohitaji shuleni ni nafasi, muda na zamu, na hapo ndipo hesabu yangu ilipoanzia. Kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 35. Toa dakika za kutoka darasani, kuvua sweta, kupanga mistari na kurudi. Zikikubakia 25 umebahatika. Ukiwa na watoto 70, kamba moja na mstari mmoja, kila mtoto ataruka kwa takriban sekunde 21. Muda mwingine wote anasimama juani akisukumana na aliye mbele yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku.

Siku niliyoiandika hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo ofisini, walimu wenzangu walicheka kwanza, kisha wa hesabu akairudia kwa kalamu yake akakuta ni kweli. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza swali moja kuhusu kila kitu kinacholetwa uwanjani, kiwe tairi kuukuu au mashine kutoka ng'ambo: kikianza kutumika, wangapi wanasogea?

Vifaa vya kidijitali vilipofika, navyo nikavipima kwa swali hilohilo.

Vilifika kwa kelele. Ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013. Kufikia 2016 vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, vikisambazwa na miungano ya kampuni za nje na vyuo vikuu viwili vya humu nchini, Moi na Jomo Kenyatta. Vilikuwa vifaa imara, vya kuvumilia kuangushwa, na viliandamana na projekta na vipakatalishi vya walimu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni hawa walifungiwa chumba chenye mlango wa chuma na kufuli mbili, maana wezi nao walikuwa wameisikia ahadi. Nilipouliza kama ningeweza kutoka na viwili tu hadi uwanjani, nilielezwa habari za vumbi, za daftari la kutia saini, na za nani atakayelipa kimoja kikivunjika. Sikubishana. Chombo ambacho kikivunjika mtu atakatwa mshahara hakiwezi kukaa mahali ambapo watoto sabini wanakimbia. Nikajua kwamba kifaa changu cha uwanjani kitakuwa simu yangu ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, ambayo hata mwizi angeifikiria mara mbili.

Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulipoanza rasmi Januari 2019 kwa madarasa ya chini, PE ilipata heshima mpya. Gredi ya Nne ilipofikiwa 2020, ikaja na somo la elimu ya viungo na afya lenye mada zake na tathmini zake. Mwaka 2024 likaunganishwa na sanaa na muziki kuwa somo moja. Ujuzi wa kidijitali ulitajwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao masomo yote yanapaswa kuujenga. Aliyetaka kipindi changu sasa alihitaji sababu nzito kuliko aljebra.

Lakini tathmini huomba ushahidi, na ushahidi wa siku hizi ni picha. Katika miaka hiyo ya mwanzo wazazi wengi nchini walijikuta wakiagizwa kumrekodi mtoto akiruka kamba, akifagia au akipanda mbegu, kisha watume kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Asubuhi moja nyanya mmoja wa mtaani, anayewalea wajukuu kwa kuuza mboga, alinisubiri langoni.

"Mwalimu, huyu mtoto amelia usiku ati nimpige video akiruka. Simu yangu ni hii." Akanionyesha kabambe iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. "Inaongea, na inamulika tukienda choo. Kuna nyingine inatakiwa?"

"Hapana, shosho. Ameruka?"

"Ameruka mpaka jirani akagonga mabati."

"Basi amepita."

Akacheka, akaenda zake sokoni. Mimi nikabaki nikiliwazia jambo hilo. Mtoto alikuwa ameruka. Kilichokosekana ni picha ya kuruka. Tukianza kuvichanganya vitu hivyo viwili, mtoto wa mwenye simu nzuri atapata alama za viungo hata kama ameruka mara tatu mbele ya kamera na kurudi kwenye kochi, na wa shosho ataandikiwa kwamba hajafikia matarajio huku jasho likimtiririka. Kwa swali langu, video hizo hazikumsogeza mtoto yeyote. Zilimsogeza mzazi, akitafuta bando.

Kabambe ile niliikumbuka Machi 2020. Shule zilifungwa tarehe 16 mwezi huo kwa sababu ya korona. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12. Wengine walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo redioni na kwenye runinga, na ilifanya vyema. Ila katika ploti, runinga moja hutazamwa na kaya kadhaa, na ikifika saa ya somo la Gredi ya Pili mwenye runinga huenda anataka habari. WhatsApp nayo iliwafikia wazazi walewale wachache. Kabambe ilikuwa karibu kila nyumba.

Nikaanza kutuma SMS. Herufi 160 hazimpi mwalimu nafasi ya kupiga domo. "Leo: simama mlangoni. Keti, inuka, mara 20. Hesabu kwa Kiswahili, rudia kwa Kiingereza, rudia kwa lugha ya nyumbani. Mkubwa ahesabu pamoja nawe." Au: "Leo: simama kwa mguu mmoja mama akichuna sukuma. Badilisha mguu akianza jani jipya." Kila agizo lilipimwa kwa chumba cha mita tatu kwa tatu chenye jiko upande mmoja: hakuna kukimbia, hakuna kurusha kitu, hakuna kinachohitaji kununuliwa. Waliokuwa na salio walijibu kwa idadi. Wasio na salio walipiga na kukata. Tulikubaliana kwamba mlio mmoja maana yake tumemaliza. Jioni simu yangu ilikuwa ikilia na kukatika, ikilia na kukatika, na mume wangu akasema nimefungua kituo cha polisi. Walionijibu kwa milio hiyo walikuwa wengi kuliko wote waliokuwa kwenye kundi la WhatsApp, na baadhi yao walikuwa watoto ambao darasani sikuwahi kuwasikia wakijitolea kwa lolote.

Kipindi hicho kilinifundisha kuacha kuuliza teknolojia ipi ni mpya, nikauliza ipi iko mikononi mwa watu. Kilinifundisha pia kuhusu tofauti ya jicho na sikio. Simu ikishikwa juu uwanjani, skrini yake inawatosha watoto watano. Wa sita anamsukuma wa tano, na wengine sitini na wanne wanatafuta mawe ya kurushia. Sauti huwafikia wote sabini kwa wakati mmoja, wala haiwaombi wasimame ili waipate.

Jambo hili wenzetu wa Japani waliligundua zamani. Novemba 1928 redio yao ilianza kurusha mazoezi ya viungo yanayoongozwa na kinanda na sauti ya mtu anayehesabu, na vizazi vya watoto wa shule vimeinua mikono kwa wimbo huo asubuhi za likizo. Mwaka 1982 huko Montréal, mtafiti Luc Léger alitoa kipimo cha stamina ambacho vifaa vyake ni mistari miwili iliyoachana mita 20 na kaseti yenye milio. Unakimbia kufika mstari wa pili kabla ya mlio, unageuka, unarudi, na kadiri muda unavyosonga milio inakaribiana. Darasa zima linakimbia pamoja. Kaseti haipo tena. Milio hiyo sasa inakaa ndani ya simu yoyote.

Shule zilipofunguliwa nilinunua spika ndogo ya blututhi katika duka moja la simu mjini, nikaivisha soksi ili vumbi lisiimalize, nikachora mistari kwa majivu ya jikoni. Mlio wa kwanza ulipolia na watoto sabini wakaondoka pamoja, mwalimu mkuu alitoka ofisini kuangalia kuna nini.

Hata hivyo kipimo hicho, kwa utaratibu wake wa kawaida, kina shida kwa mtu mwenye swali kama langu. Anayeshindwa kufuata mlio hutoka na kuketi. Maana yake mtoto anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayepumzika wa kwanza, tena mbele ya wenzake wote. Nikaongeza mstari wa katikati, kwenye mita 10. Aliyezidiwa anahamia hapo, anaendelea na mlio uleule kwa nusu ya umbali, kisha kwa kutembea. Hakuna anayeketi mpaka spika inyamaze. Na sikuwalinganisha na majedwali ya nchi zilizo usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu, na pumzi ya hapa ina bei yake. Kila mtoto alijilinganisha na alipofika muhula uliotangulia, akaandika mwenyewe nyuma ya daftari.

Je, skrini basi haina kazi? Inayo, ila ni kazi ndogo kuliko inavyotangazwa, na inahitaji wakati wake.

Mwili una shida moja: haujioni. Mtoto anaruka chini mchangani, anaanguka kinyumenyume, mkono wake unagusa nyuma na kumpunguzia umbali, lakini yeye ataapa kwamba alitua kwa miguu. Ukimweleza anadhani unamwonea. Ukimwonyesha kwa mwendo wa polepole, ananyamaza, anarudi kwenye mstari, na mruko unaofuata mikono yake iko mbele. Hiyo ni sekunde kumi za skrini, na ninazitetea.

Mara ya kwanza nilipojaribu hivyo, hakuna aliyeangalia mikono. Maji ya eneo hili la Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na watoto wengi waliokulia hapa meno yao yana rangi ya kahawia. Video ilionyesha mruko, na katika mruko mdomo uko wazi. "Madam, futa! Meno yangu!" Wenzake wakacheka wakiwa wameziba vinywa vyao kwa viganja, maana nao walikuwa na meno yaleyale. Kuanzia hapo nilirekodi kutoka nyuma au ubavuni, kuanzia mabegani kushuka chini. Miguu na mikono ndiyo iliyokuwa somo. Uso wa mtoto haukuhusika. Baada ya wiki kadhaa ombi likawa jingine: "Madam, rudisha nyuma nione mguu."

Ukitaka kumtaja Mkenya aliyefika mbali kwa njia hii, wote watakutajia Julius Yego, mwana wa Nandi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube, mpaka akaitwa Bwana YouTube. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika mchezo wa kurusha au kuruka uwanjani. Mwaka uliofuata alipata fedha ya Olimpiki kule Rio kwa mita 88.24.

Hadithi hiyo husimuliwa kana kwamba video ndiyo iliyorusha mkuki. Nawasimulia watoto kwa mpangilio wake halisi. Yego alianza kwa kurusha vijiti utotoni, na kufikia wakati wa kuketi mbele ya kompyuta alikuwa amekwisha kurusha sana, amekwisha kushindwa kwa namna fulani, na alikuwa na maswali. Video ilimjibu kwa sababu mkono wake ulikuwa umekwisha kuuliza. Na baada ya video alikwenda Kuortane, Ufini, kufundishwa na kocha wa kumtazama yeye mwenyewe, kwa kuwa Železný wa kwenye skrini hawezi kukuambia kwamba kiwiko chako kimeshuka. Kwake nikachukua utaratibu wa somo: jaribu, tazama, jaribu tena. Anayeanza kwa kutazama huketi. Anayeanza kwa kujaribu hutazama akiwa na haraka ya kurudi uwanjani.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, niliipata mahali nisipoitarajia. Siku moja niliegemeza simu kwenye dirisha la darasa linalotazama uwanja, nikaiacha irekodi mchezo mzima wa mpira, Gredi ya Tano wenyewe kwa wenyewe. Nilitaka kumwonyesha kijana mmoja hodari jinsi anavyopoteza mpira kwa kuinamisha kichwa. Usiku nikaitazama kwa kuiharakisha. Kijana niliyemtafuta alikuwepo, akiinamisha kichwa. Lakini pembeni, karibu na nguzo ya bendera, kulikuwa na msichana wa sweta lililopauka ambaye kila mpira ulipokwenda kulia alikimbia kulia, ulipokwenda kushoto akakimbia kushoto, na ulipomkaribia akarudi nyuma hatua moja kwa adabu, akampisha mwingine. Mchezo mzima hakuugusa. Alikuwa hodari wa kuonekana anacheza.

Jicho la mwalimu hufuata mpira; ndivyo lilivyoumbwa. Kamera iliyoegemezwa dirishani haifuati kitu. Inakirekodi kilicho mbele yake, na aliyejificha kwenye ukingo wa mchezo anaonekana sawa na mfungaji. Nilipoitazama mara ya pili nikawahesabu wa namna yake, nikagundua kwamba katika mchezo ambao mimi, kwa macho yangu, ningeusifu kwa uchangamfu, karibu theluthi ya darasa walikuwa wapita njia.

Kamera ilinionyesha kwamba msichana yule anarudi nyuma. Sababu haikuwa na uwezo wa kunionyesha. Hiyo niliitafuta kwa njia ya kale: nilimwita tukachambua maharagwe ya chakula cha mchana pamoja, na tulipofika katikati ya sinia nikamuuliza.

"Viatu ni vya dadangu, Madam. Anavivaa Jumapili. Nikivipasua atanipiga."

Tulibadilisha mambo mawili. Uwanja mmoja ukawa viwanja vinne vidogo, kila kimoja na mpira wake wa soksi, ili pasiwe na umati wa kujificha ndani yake. Na siku za mpira, eneo lililosafishwa mawe likawa la miguu mitupu kwa kila mtu, mwalimu pia, ili asiye na viatu asiwe peke yake. Msichana huyo hakugeuka bingwa, wala sikumtarajia. Aliugusa mpira, akaupoteza, akaufuata. Katika rekodi iliyofuata ilinibidi nimtafute, kwa maana hakuwa tena mahali pake karibu na nguzo.

Rekodi hizo ziliandamana na kanuni zangu, na nilifurahi kwamba sheria ilikuwa upande wangu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutumia picha za watoto bila idhini hiyo. Walimu wengi walishtuka, kwa kuwa kurasa za Facebook za shule zetu zimejaa watoto wakiruka na kucheza. Kwangu kanuni zilikuwa fupi. Mzazi aliarifiwa kwenye mkutano, kwa lugha anayoielewa, na asiyetaka alikubaliwa bila kuulizwa sababu. Simu haikuingia karibu na mahali pa kubadilishia nguo. Hakuna video iliyotumwa kwa mtu, hata ya ushindi. Na Ijumaa, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, watoto wawili waliochaguliwa na wenzao walisimama kando yangu nikifuta zote, wakahakikisha kwamba kapu la takataka la simu nalo liko tupu. Sehemu hiyo waliipenda kuliko mpira. Kama tunasema tunajenga ujuzi wa kidijitali, mtoto anayejua kwamba ana haki ya kuona picha yake ikifutwa amejifunza jambo litakalomfaa akiwa na miaka kumi na sita na simu yake mwenyewe.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2019 vilipoanza kugawiwa walimu mwishoni mwa 2022, mwalimu kijana aliyekuwa akijiandaa kuchukua vipindi vyangu alikuja na chake, kikiwa bado kinang'aa. Alitaka kujua apakue programu gani za PE. Alikuwa na orodha: ya kuhesabu hatua, ya kupima mapigo ya moyo, ya michezo ambayo mtoto anarukaruka mbele ya skrini. Nilimwomba tufanye jambo moja kabla ya kupakua chochote. Tuliketi kwenye kivuli cha mti wakati wa kipindi cha mwenzetu, kila mmoja akachagua mtoto mmoja bila kumwambia mtu, na kwa dakika kumi tukapima kwa saa ya simu muda ambao mtoto huyo alikuwa akisogea kweli. Tulipomaliza tukalinganisha karatasi zetu. Alitazama yake kwa muda, akaniuliza kama amekosea kupima.

"Hukukosea, mwanangu. Ndivyo ilivyo. Sasa niambie, katika orodha yako, ni ipi itakayoongeza hiyo namba kwa watoto wote sabini, na kishikwambi ni kimoja?"

Hakunijibu siku hiyo. Nami sikumwambia aachane na kishikwambi, maana ningekuwa nadanganya. Nimeeleza hapa mambo manne au matano ambayo simu mbovu ilinifanyia na ambayo filimbi isingeweza. Nilimwambia tu mpangilio wa kununua. Kwanza kamba, moja kwa kila watoto wawili, kwa kuwa kamba moja kwa watoto sabini ni foleni hata ikirekodiwa kwa kamera nzuri kiasi gani. Kisha mipira, hata ya soksi. Kisha spika. Mwisho kamera, na hiyo anayo tayari. Bei ya kishikwambi kimoja hulinunulia darasa zima vitu hivyo vya kwanza na chenji ikabaki, na bodi za shule hazielezwi hivyo na yeyote anayeziuzia vifaa.

Mwezi mmoja baadaye alinitumia ujumbe. Bodi ilikuwa imekubali kununua kamba, baada ya yeye kuwapelekea karatasi yake ya dakika kumi badala ya hotuba. Kuhusu kishikwambi, alisema kimepata kazi ya kudumu: kinapiga milio na muziki, na kila wiki mbili kinaegemezwa dirishani. Programu zote tatu alikuwa amezifuta ili apate nafasi ya nyimbo.